Chemsha bongo ya Ijumaa mjini Iringa: maswali bora kuliko karatasi ya majibu

Mgahawa mmoja jirani na soko kuu la Iringa huendesha jioni ya chemsha bongo kila Ijumaa, na kwa kuwa burudani nyingi za mwisho wa wiki mjini hapa ni muziki wa sauti ya juu au mpira kwenye runinga, huduma hii inastahili kupimwa kwa makini. Kiingilio ni shilingi 5,000 kwa mtu, pamoja na kikombe cha chai ya maziwa. Wageni hukaa katika makundi ya watu wanne hadi sita, kila kundi hupewa karatasi na kalamu, na mshereheshaji husoma maswali katika duru za historia, sayansi, michezo na mambo ya umma. Simu zote hulazwa kifudifudi katikati ya meza, sharti ambalo wahudumu hulisimamia bila kumwonea mtu haya.

Kinachoipa jioni hii thamani ni kwamba swali zuri haliachwi baada ya jibu kutajwa. Katika duru ya historia tuliulizwa ni mkataba gani uliosainiwa Ulaya wenye kifungu kinachotaja fuvu la mtu wa Iringa. Meza nyingi ziliandika Berlin. Jibu ni Mkataba wa Versailles wa 1919, ambao katika kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Mshereheshaji alieleza kwa utulivu jinsi wapiganaji wa Mkwawa walivyoliangamiza jeshi la Wajerumani la von Zelewski kule Lugalo mwezi Agosti 1891, jinsi Mkwawa alivyojipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na jinsi ile miezi sita ilivyogeuka kuwa miaka 35, kwa kuwa fuvu lililotolewa katika makumbusho ya Bremen lilifika Kalenga, jirani na Iringa, mwaka 1954 tu, likakabidhiwa na Gavana Twining kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Baadaye, katika duru ya mambo ya umma, tuliulizwa ni chifu gani aliyekalia kiti cha Spika wa Bunge kuanzia mwaka 1962, na jibu likawa Adam Sapi yuleyule. Kupanga maswali namna hiyo, moja likimsubiri mwenzake, ni kazi ya mtu anayejua anachokifanya.

Duru ya sayansi ilikuwa na swali bora kuliko yote, na hapohapo ndipo huduma ilipoyumba. Tuliulizwa ni jambo gani la fizikia linalobeba jina la Mtanzania aliyewahi kusoma Iringa. Jibu ni athari ya Mpemba. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, alipoingiza kwenye friza maziwa ya aiskrimu yaliyokuwa bado ya moto kwa kuhofia nafasi kuisha, akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Alipofika sekondari ya Mkwawa, mjini hapa, alimuuliza swali hilohilo Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alikwenda kulipima jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala ya pamoja.

Hadi hapo sina la kulaumu. Lakini swali la nyongeza lilihitaji tuandike kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, kana kwamba ni kanuni isiyo na masharti. Wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha makala wakieleza kwamba hawakupata ushahidi wa maana wa jambo hilo. Meza moja iliyoandika “wakati mwingine” ilinyimwa alama, na nadhani ilionewa.

Kasoro hiyo ilijirudia. Karatasi ya majibu iliweka kimondo cha Mbozi, kile chenye takriban tani 16, katika mkoa wa Mbeya, ilhali Mbozi ni wilaya ya mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2016. Swali la sayari ya Zuhura nalo lilisema siku yake ni ndefu kuliko mwaka wake, jambo ambalo ni kweli ukihesabu mzunguko mmoja kwenye mhimili wake, siku 243 za dunia dhidi ya 225 za kulizunguka jua, ila si kweli ukihesabu kutoka macheo hadi macheo, ambayo ni siku 117 hivi. Malalamiko yalipotolewa, tuliambiwa kwamba jibu la karatasi ndilo jibu. Mwandaaji aliyetafuta maswali mazuri kiasi hiki angeweza kumpa mwalimu mmoja wa sekondari karatasi hiyo aipitie siku moja kabla.

Duru ya michezo ilijaa majina ya wachezaji wa Ulaya na haikunisisimua, isipokuwa swali la mkimbiaji wa Tanzania Filbert Bayi, ambaye muda wake wa dakika 3 na sekunde 32.16 katika mita 1,500 kule Christchurch, mwaka 1974, ulikuwa rekodi ya dunia, na ukabaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi mwaka 2022.

Chakula hulipiwa peke yake. Kuku wa kienyeji alikuwa ameiva barabara, mchuzi mzito wenye tangawizi. Chipsi zilifika zimepoa kwa sababu jiko huzidiwa maagizo yote yanapoingia wakati wa mapumziko, kwa hiyo ni vyema kuagiza kabla ya duru ya kwanza. Meza za barazani sizishauri, kwani kipaza sauti hakisikiki vizuri huko, na mwezi Juni na Julai baridi ya Iringa haina mzaha. Meza za ndani hujaa kabla ya saa moja usiku, na mgahawa hukubali kuziwekea nafasi kwa simu.