Uzoefu wangu na santuri ya Dorothy Ashby

Nimekaa na santuri hii miezi kadhaa, na sasa naweza kuisemea. Ni The Rubáiyát of Dorothy Ashby, ya Mmarekani mpiga kinubi cha jazi, iliyotolewa na kampuni ya Cadet mwaka 1970. Niliagiza toleo jipya mtandaoni, likanifikia Dodoma baada ya wiki tano, kona ya jalada imekunjika na sahani imejipinda. Upande wa pili, wimbo wa mwisho, sindano inaruka. Muuzaji hakujibu hata ujumbe mmoja. Imeniuma, maana pesa ile nilijinyima.

Lakini muziki wenyewe!

Aliyenifikisha huku ni Shaaban Robert. Nilisoma Omar Khayyam kwa Kiswahili, tafsiri yake ya beti za yule mshairi wa Uajemi, nikiwa sekondari, na niliposikia kuna mama wa Detroit aliyezitia beti za Khayyam kwenye kinubi na kuziimba, sikutulia mpaka nimeipata. Sauti yake ni tulivu. Kwenye Myself When Young anaimba kama anayemsimulia mtu mmoja aliyeketi karibu naye, halafu kinubi kinaendeleza pale maneno yalipoishia.

Tukisema jazi, wengi wetu tunaikumbuka Morogoro Jazz na dansi. Hii ni ile ya kubuni palepale, na kinubi hakikuumbiwa kazi hiyo. Kina nyuzi 47 na pedali 7. Kila pedali ina noti yake, na ukiikanyaga, nyuzi zote za noti hiyo zinabadilika kwa mpigo mmoja. Mpiga piano akitaka noti ngeni kidole kinahamia tu. Kwa Ashby, mguu lazima uwe umeshafika kabla kidole hakijagusa uzi, huku wimbo wenyewe anautunga wakati huohuo. Vaa spika za masikioni usikilize: hasiti hata mara moja. Alianzia kwenye piano, akimsindikiza baba yake mpiga gitaa, na kufikia 1957, kwenye santuri yake The Jazz Harpist, kinubi chake kinajibizana na filimbi ya Frank Wess bila kubanwa.

Kwenye hii ya 1970 anapiga pia koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, na kalimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Kalimba! Nimekulia kwenye ilimba za Wagogo, ndugu zake, na ilipoingia nilirudisha sindano nyuma mara tatu.

Lawama yangu ni moja: okestra iliyopangwa na Richard Evans mahali pengine inakifunika kinubi. Anayetaka kinubi kilicho wazi anunue ile ya 1957. Anayetaka kumsikia mwenyewe akiimba, ni hii. Na kama una Songs in the Key of Life ya Stevie Wonder, ya 1976, tayari unaye nyumbani: kinubi cha If It's Magic ni chake.

Nimeagiza nakala nyingine, kwa muuzaji aliyekubali kunipigia picha ya sahani kabla ya kuifunga.