Scary Stories to Tell in the Dark: angalia michoro kabla ya kulipa

Kitabu hiki cha hadithi za kutisha, cha Alvin Schwartz, kilitoka Marekani mwaka 1981, na kimechapwa na michoro ya aina mbili, kwa hiyo kifungue ndani kwanza. Michoro ya asili ni ya Stephen Gammell: wino unaochuruzika, nyuso zilizooza nusu. Toleo la 2011 liliwekewa michoro ya Brett Helquist, safi na nadhifu mno, hofu ikapungua. Baadaye ya Gammell ikarudishwa. Kwenye mtumba, tafuta jina la mchoraji.

Hadithi ni fupi, nyingi kurasa chache tu, kwa Kiingereza chepesi ambacho mtoto wa darasa la sita anakimudu. Ni ngano za mdomo, zimeandikwa ili zisimuliwe. Katika "The Big Toe", mvulana anachimbua kidole gumba cha mguu bustanini, kinatiwa kwenye supu, kinaliwa. Usiku, mwenye kidole anakuja kukidai. Mwandishi anaeleza hata wakati wa kumrukia aliye karibu nawe. Wengi huharibu hapo kwa kupandisha sauti mapema. Ishushe polepole hadi watoto wasogee wenyewe, ndipo upige ukelele.

Zikisomwa kimyakimya, baadhi zinaisha ghafla na kumwacha mtoto akiuliza "ndiyo hivyo tu?" Michoro, lakini, haina mzaha. Miaka ya 1990 mfululizo wa kitabu hiki uliongoza orodha ya vitabu vilivyopingwa zaidi, ambavyo watu walitaka viondolewe, kwenye maktaba za Marekani. Mtoto wa chini ya miaka tisa msimulie tu, kitabu kibaki kabatini.