Seti ya mota ya volti 72 kwenye fremu ya bodaboda: uzoefu wangu, Tabora

Seti ina mota ya kilowati 3 inayokaa katikati ya fremu, kontrola (kisanduku kinachoigawia mota umeme), eksileta, nyaya na fyuzi. Nimeifunga kwenye fremu ya cc 150 kwa mbio fupi. Mota naipa alama zote. Fyuzi na nyaya za betri zilizokuja nayo, tafadhali usizifunge.

Fyuzi ile ni ya redio za magari, imeandikwa 32V. Betri ya seli 20 mfululizo ikijaa inafika volti 84. Fyuzi hiyo ikiungua kwa volti hizo, cheche inaendelea kuruka kati ya ncha mbili na umeme unapita vilevile. Pikipiki inawaka moto na fyuzi imo. Tafuta ya DC ya ampea 200, iliyoandikwa volti 100 au zaidi. Nyaya za milimita za mraba 16 nazo zinachemka kwa ampea 150. Weka za 35.

Betri isuke mwenyewe. Nimetumia seli 200 za lithiamu za Molicel P42A, 20 mfululizo kwa 10 sambamba: ampea-saa (Ah) 42, na seli peke yake zina kilo 14. Kwa ampea 150 kila seli inatoa 15, wakati uwezo wake ni 45. Kinachosumbua ni ukanda wa kuungia seli. Nikeli ya unene wa milimita 0.15 na upana wa 8 haibebi ampea 15, lazima uweke shaba pamoja nayo. Halafu madukani kuna chuma kilichopakwa nikeli: kwaruza kwa tupa, loweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Kikishika kutu, rudisha.

Kabla ya kuwasha swichi kuu, pitisha umeme kwenye rezista ya omu 100, wati 10, kwa sekunde 3 ili kapasita za kontrola (vihifadhi umeme vya ndani) zijae taratibu. Bila hivyo, kila ukichomeka cheche inakula ncha za soketi.

Mota ikinguruma na kutetemeka bila kuzunguka, usiseme mbovu. Mara nyingi nyaya 3 nene za mota hazijalingana na za sensa, zinazoiambia kontrola mota imefika wapi. Inua tairi la nyuma, iache kontrola ijipime yenyewe.

Sproketi: mota ina gia ya ndani ya 2.35. Kwa tairi la 90/80-17, meno 14 mbele na 42 nyuma, mizunguko 5,000 kwa dakika inatoa kama kilomita 77 kwa saa. Ukiweka 36 nyuma unapata 90, ila unachelewa kuondoka. Kwa mbio fupi nabaki na 42.

Kiangazi cha huku, Juni hadi mvua za Novemba, mapezi ya kupozea kontrola yanaziba vumbi na joto linapanda. Yapige brashi kavu kila baada ya mazoezi. Na betri ikiwa imejaa, zima breki ya kurudisha umeme: BMS (saketi inayolinda betri) ikikata ghafla, volti inaruka na kuunguza kontrola.