Holda za filamu 4x5: hapa ndo picha za wanaoanza zinapofia

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo sina kamera mezani, nina hiki hapa, kitu bapa cheusi cha plastiki, ukikikuta njiani unaweza kudhani ni mfuniko wa kitu. Hii ndo holda, kibebeo cha filamu kinachopachikwa nyuma ya kamera. Holda ya filamu ya 4x5, inchi 4 kwa 5, ile filamu ya karatasi moja moja ambayo ukiipima eneo lake ni kama mara 14 ya ile ya mkanda tuliyokulia nayo. Najua mlitegemea nichambue kamera ya mbao, ile ya wale jamaa wa Brighton Uingereza, Intrepid, ile video inakuja tulieni, ila kila nikifungua meseji zenu nakuta mtu anauliza lenzi, anauliza kamera, anauliza stendi ya kaboni, halafu picha zake akinitumia tatizo sio lenzi wala kamera, tatizo ni hiki kidubwasha hapa. Kwaiyo tunaanza na hiki.

Na nisiwafiche, nina hasira nacho. Nakipenda lakini nina hasira nacho. Mwaka wa kwanza nilienda Bagamoyo kumpiga picha fundi mmoja wa majahazi, mzee wa watu, nimemwamkia shikamoo, tumekaa, tumeongea, amekubali, nikafunga stendi pembeni ya jahazi lake lililokuwa halijamalizwa mbao za ubavuni. Nikafokasi vizuri kabisa, mwanga wa jioni ule mnaujua. Nikaweka holda, nikachomoa slaidi, kile kifuniko cha filamu, nikapiga. Nikarudisha, nikageuza holda, nikapiga ya pili. Mzee ananiuliza, imetoka? Namwambia imetoka mzee wangu. Nimefika nyumbani nimesafisha zile filamu zote mbili, nyeusi tii. Nyeusi kama masizi, hakuna mzee, hakuna jahazi.

Sasa angalieni mkono wangu hapa, maana hii ndo sababu nimewasha kamera leo. Holda inabeba filamu mbili, moja upande huu, nyingine upande huu, na kila moja inafunikwa na hii slaidi yake, hili bapa jembamba la kuzuia mwanga. Ukishaiweka nyuma ya kamera, slaidi moja inaangalia lenzi, nyingine inakuangalia wewe. Mkono wako unataka kushika ipi? Hii. Hii inayokuangalia, kwasababu ipo karibu na macho unaiona yote. Na hiyo ndo sio. Ukiichomoa hiyo filamu ya nyuma inakula mwanga wa jua wote unaopita kwenye kile kioo cha ukungu cha nyuma ya kamera unachotazamia picha, halafu shata, kile kilango cha lenzi cha kupitisha mwanga, inalia chak, we unafurahi, kumbe filamu ya mbele imefunikwa bado haijaona kitu. Ukigeuza holda ukarudia kosa lile lile basi umeziua zote mbili, ndo kilichonikuta kwa yule mzee. Unachomoa ya UPANDE WA LENZI. Mimi siku hizi kabla sijachomoa nagusa slaidi na kidole, nasema kwa sauti, "hii ya mbele", watu wananiangalia, sijali.

Na kabla ya hapo kuna kosa ambalo hata waliokaa kwenye hii kitu muda mrefu wanalifanya. Ili ufokasi lazima shata iwe wazi, si ndio, mwanga uingie uone picha kwenye kioo. Umemaliza, una raha, unaweka holda, unachomoa slaidi, na lenzi iko wazi vile vile. Imekwisha hiyo. Kwaiyo mpangilio wangu ni fokasi, funga shata, weka apacha (ukubwa wa tundu la lenzi) na spidi, kokisha, yaani vuta springi ya shata iwe tayari, piga moja hewani usikie kama spidi inaeleweka, kokisha tena, ndo holda iingie. Sitarudia mambo ya apacha hapa, yapo kwenye video zilizopita, f/22 ndo nyumbani, tuendelee.

Haya, kitu ninachokipenda sasa. Subirini nisogeze kamera... mnaona hapa juu kwenye slaidi, pale pa kushikia? Upande mmoja mweupe, upande mwingine mweusi. Watu wanadhani ni urembo. Aisee huyu aliyebuni hii kitu nampa mkono. Weupe ukitazama nje maana yake filamu ni mpya haijapigwa. Weusi ukitazama nje, imeshapigwa. Ukipiga, unapoirudisha slaidi unaigeuza, weusi unakuja nje. Basi. Lakini uzuri wenyewe ni huu, pitisha kidole upande mweupe, kuna vinundu. Sikieni... krrr. Mmesikia? Upande mweusi... laini, hakuna kitu. Yaani ukiwa kwenye giza kabisa, kwenye mfuko wa giza, ule usiopitisha mwanga wa kupakilia filamu, mikono yako inajua ipi mpya ipi imepigwa. Huhitaji macho. Hii ni teknolojia ya bapa la plastiki na rangi nyeupe, haina betri, haina apdeti, na ndo inayokuzuia usipige picha ya harusi ya mtu juu ya picha ya bibi yako.

Tatizo la anayeanza ni kwamba anajua hiyo kanuni halafu haifuati siku moja tu. Siku moja amepiga, ana haraka, mvua inakuja, anarudisha slaidi weupe nje. Wiki mbili mbele anachukua ile holda, anaona nyeupe, anapiga tena. Inaitwa kupiga mara mbili juu ya filamu moja. Kwaiyo usiongee na mtu mpaka slaidi irudi ndani na weusi uangalie nje, na hizi ndoano ndogo hapa juu zizungushwe ziibane. Ndoano ni muhimu, maana slaidi inaweza kuchomoka yenyewe ukiwa unahangaika na begi.

Kuna kisa cha Ansel Adams, wengi mnamjua, yule mpiga picha wa Marekani wa milima ya Yosemite. Mwaka 1941 alikuwa anarudi kwa gari huko New Mexico, akaona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, jua linazama, misalaba ya makaburini inang'aa. Akashusha kamera kubwa ya 8x10, mita ya mwanga haonekani ilipo, akakadiria mwanga kwa kutumia mng'ao wa mwezi ambao alikuwa anaujua kichwani. Akapiga moja. Akageuza holda haraka apige ya akiba, na wakati anachomoa slaidi, jua likaondoka kwenye ile misalaba. Ikabaki filamu moja tu, na ile picha ni kati ya picha maarufu zaidi duniani. Sasa fikiria kwenye ile moja angechomoa slaidi ya upande wake. Mikono ilishajua, hicho ndo kilichomuokoa, mita hakuwa nayo.

Twende kwenye kupakia. Hii hapa ni filamu iliyoharibika, ile ile ya Bagamoyo, sijaitupa, ndo ya kufanyia mazoezi. Nunua boksi, toa sadaka karatasi moja, irudie mchana kweupe mara 50, halafu fumba macho mara 50. Kwenye kona kuna vikato, pitisha kidole, unavisikia. Shika filamu wima, vikato vikiwa juu kona ya kulia, basi upande wa dawa, ule unaoshika mwanga, unakuangalia wewe. Karibu kila aina ya filamu ina vikato vya umbo lake, kwaiyo hata kwenye giza unaweza kujua kama umeshika HP5, ile ya nyeusi na nyeupe ya Ilford, au nyingine. Ukipakia kinyume, dawa ikatazama ndani, unapata kivuli cha picha, filamu imepoteza mwanga mwingi sana na fokasi imehama.

Halafu njia. Pembeni mwa holda kuna mifereji miwili, wa chini wa filamu, wa juu wa slaidi. Anayeanza anaingiza filamu upande mmoja mfereji wa chini, upande mwingine umepanda juu. Inaingia nusu inagoma, au mbaya zaidi inaingia yote halafu slaidi ndo inagoma, anasukuma kwa nguvu, anaikwaruza. Ikigoma usisukume! Toa, anza upya. Ukimaliza weka kucha pembeni mwa filamu jaribu kuinyanyua taratibu, kulia, kushoto, ikikataa kunyanyuka imekaa chini ya reli. Ndo unafunga kile kikofia cha chini, kile cha mlango wa kuingizia filamu.

Na hapa kwetu joto jamani. Ukiwa Dar mikono ndani ya mfuko wa giza dakika 10 jasho linatiririka, vidole vinanata kwenye dawa, alama za vidole zinabaki kwenye anga ya picha yako milele. Mimi napakia usiku baada ya kuoga, mikono imekauka, holda nimezipuliza zitoke vumbi kabla, na sipakii zaidi ya holda 3 kwa mkupuo. Filamu kama imetoka kwenye friji iache ipate joto la chumba kwanza ndo ufungue, vinginevyo ukungu unatua juu yake.

Dada mmoja aliuliza kuhusu Grafmatic, ile ya chuma inayobeba filamu 6. Ni nzuri aisee, inatembea na filamu 6 kwa nafasi ndogo. Lakini sio ya kuanzia, ina vibao vya ndani vya chuma, kikipinda kimoja tu imekula kwako. Anza na hizi za kawaida, Fidelity, Lisco, Riteway, ukiwa na hela kidogo Toyo. Bei? Mimi zangu za mitumba nimenunua kwa wastani wa dola 25 moja, bado usafiri na ushuru, na hapo ndo nataka muwe makini kwasababu kwenye fungu la holda 6 nililonunua kwa muuzaji mmoja mtandaoni, 2 zilikuwa zinavuja mwanga. Angalia hapa kwenye bawaba ya kikofia, huu utepe ukipasuka mwanga unaingia, unapata michirizi myeusi kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa, kila mara sehemu ile ile. Jaribio lake rahisi, pakia karatasi ya kuchapishia picha za nyeusi na nyeupe badala ya filamu, hiyo unaipakia kwenye taa nyekundu unaona unachofanya, iache juani dakika kadhaa kila upande slaidi zikiwa zimefungwa, isafishe. Ikitoka nyeupe, holda haivuji. Na ziandike namba, 1A, 1B, 2A, 2B, ili ukiona mchirizi ujue mwizi ni nani.

Filamu yenyewe karatasi moja ya nyeusi na nyeupe kama HP5 inazidi dola 2, ya rangi inapita 5. Kwaiyo ukisikia mtu anasema ataenda kujifunzia kwenye harusi mwambie mimi nimesema hapana.

Jambo lingine la haraka maana muda unaenda. Holda ikiingia lazima ikae, ina kimgongo hiki hapa kinachoingia kwenye mfereji wa kamera, unasikia... tak. Kama hujasikia tak, haijakaa, na mwanga unapita pembeni. Na usiisukume kwa nguvu, unasogeza fokasi. Ishike kamera kwa mkono mmoja. Ukipiga kitu cha karibu kumbuka mvukuto, ule mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu, ukirefuka mwanga unapungua, lenzi ya milimita 150 ukivuta mvukuto mpaka milimita 300 unatakiwa uongeze mwanga mara 4, mita ya mkononi haikuambii hilo. Na shuka la kujifunikia kichwa ukifokasi usinunue la ghali, mimi natumia kaniki, nimeikunja mara mbili nikaishona, upande wa nje nimeweka kitambaa cheupe jua lisinipike. Kufokasi natumia kile kikuzi cha mafundi saa. Maisha yanaenda.

Jumapili tunakuwa live saa 2 usiku, leteni negativu zenu zilizoharibika, mulikeni kwenye tochi ya simu tuangalie pamoja. Ikiwa nyeusi yote mwanga umeingia sana, ikiwa kama plastiki safi mwanga haukufika kabisa, tunaanzia hapo.

Na yule mzee wa Bagamoyo narudi kwake mwezi ujao, jahazi najua lilishaingia majini, ila yeye yupo, nimeongea na kijana wake. Ngoja nipakie holda za safari hiyo sasa hivi, na nyie mkiwepo. Nazima taa, hamtaona kitu, sikilizeni tu. Kikofia... kimefunguka. Kikato kona ya kulia, sawa. Inaingia... inaingia... kucha kulia, imekataa. Kushoto, imekataa. Kikofia. Slaidi... vinundu nje, krrr, mmesikia. Ndoano. Hiyo 1A. Sasa nageuza, 1B.