Kanada, Ujerumani au Australia: mlango upi unakufaa kuhamia?

Anayetaka kuhama kwa ujuzi wake huwa anasikia sana majina matatu: Express Entry ya Kanada, Chancenkarte ya Ujerumani na SkillSelect ya Australia. Zote zinampima mtu kwa alama, lakini unachopewa mwishoni hakifanani. Angalia hilo kwanza, mishahara na hali ya hewa baadaye.

Express Entry ndiyo bora kati ya hizi tatu kwa mwenye familia, kwa sababu unapata ukaazi wa kudumu kabla hata hujapanda ndege. Kufungua wasifu ni bure, unadumu miezi 12, na hakuna haja ya wakala. Shida ni ushindani: wanaoalikwa ni wenye alama nyingi. Kwa asiye na mwenza, umri wa miaka 20 hadi 29 unaleta alama 110, wa miaka 35 alama 77, na ukifika 45 ni sifuri. Umri hauwezi kuurudisha, kwa hiyo pambana na lugha. Kiwango cha 7 kwenye kipimo cha lugha cha Kanada (CLB) katika stadi zote nne kinakupa alama 68, kiwango cha 9 kinakupa 124, na juu yake zinaongezeka alama za shahada na uzoefu. Kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS General Training hiyo 9 ni kusikiliza 8.0, kusoma, kuandika na kuzungumza 7.0. Ukipata 7.5 ya kusikiliza, stadi hiyo inashuka daraja na nyongeza kubwa ya shahada inapotea, hata kama kwingine umefaulu vizuri. Kurudia mtihani hapo kuna faida kuliko kuongeza cheti. Uteuzi wa jimbo nao unaleta alama 600. Ila alama za ofa ya kazi ziliondolewa Machi 2025, kwa hiyo anayekuuzia ofa kwa ahadi ya kukuongezea alama anakuibia.

Mwaliko wa kuomba ukaazi ukifika, una siku 60 tu za kutuma ombi, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Barua ya mwajiri lazima itaje majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara na tarehe. Barua ya "alifanya kazi kwetu kwa bidii" haitoshi. Barua ya benki ionyeshe tarehe ya kufungua akaunti, salio la sasa, wastani wa miezi 6 na madeni. Fedha za mkopo hazikubaliwi, na kiasi kikubwa kilichoingia ghafla wiki iliyopita kitaulizwa kimetoka wapi. Matokeo ya lugha nayo yanaisha baada ya miaka 2, na ni lazima yawe hai siku unayotuma ombi.

Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024, ni rahisi kuingia lakini ni kibali cha kutafuta kazi, kwa kawaida hadi mwaka 1. Unahitaji shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na nchi ulikosomea, Kijerumani cha A1 (kiwango cha mwanzo) au Kiingereza cha B2 (cha juu ya wastani), na alama 6. Mtu ambaye hajavuka miaka 35 (alama 2), mwenye uzoefu wa miaka 5 katika 7 iliyopita (3) na Kiingereza cha C1, kiwango kinachofuata B2 (1), anatimiza bila neno la Kijerumani. Hata hivyo, tunamshauri asiende hivyo. Wakati wa kutafuta unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki, na waajiri wengi wanataka Kijerumani.

Australia ni ya fundi na mtaalamu aliyejipanga. Kabla ya mwaliko taaluma yako itathminiwe, uwe chini ya miaka 45 na uwe na alama 65, ingawa kwa kiwango hicho kwenye viza ya 189, isiyohitaji uteuzi wa jimbo, ni kawaida kutoitwa. Uteuzi wa jimbo unaongeza 5 kwenye viza ya 190, na 15 kwenye 491 ya mikoani, ambayo ni ya muda. Usijaze alama ambazo huna karatasi zake: mwaliko ukitoka hazibadilishwi tena, na viza ikikataliwa, ada kwa kawaida hairudi.