Wimbo wa Friends Uliotuishia Meza ya Tatu

Nilikusudia kusubiri hasira zipoe ndipo niandike, na kwa kuwa hazikupoa, naandika nazo. Ninayoizungumzia ni huduma ya muziki tuliyoikodi kwa sendofu ya mdogo wangu, na hasa wimbo mmoja tu, "I'll Be There for You" wa The Rembrandts, ambao wengi wetu tunaufahamu kama wimbo wa Friends, ile tamthilia ya kuchekesha ya Marekani. Spika hazikukoroma, vyombo vilifika mapema, na watu walicheza hadi wakavua viatu. Hayo sitayaeleza, kwa sababu hayakuniuma.

Mimi na mdogo wangu tulikua na tamthilia hiyo. Tuliitazama kwa diski za kuazima, tumekaa mkekani, na kila wimbo wa mwanzo ulipofika pale penye makofi manne ya haraka tuliyapiga pamoja, na aliyechelewa ndiye aliyeosha vyombo. Kwa hiyo alipotangaza mbele ya kamati kwamba tutamwingiza ukumbini kwa wimbo huo na si mwingine, mimi sikushangaa, ingawa shangazi mmoja aliuliza kama wana wazimu. Nilichojali ni kwamba upigwe ule mrefu. Ule wa kwenye televisheni haufiki hata dakika moja, lakini ule mrefu unapita dakika tatu na una ubeti wa pili, unaomhusu mtu aliye bado kitandani saa nne ilhali kazi ilianza saa mbili, na ambaye tayari ameunguza kifungua kinywa. Mtu huyo ni mdogo wangu. Nimeshakwangua chapati zake zilizoungua kwa kisu asubuhi nyingi mno, naye amesimama pembeni na kanga yake akicheka. Ubeti huo ndio uliokuwa zawadi yangu kwake.

Niliuweka wimbo kwenye flashi, peke yake, ili pasiwe na nafasi ya kukosea. Nikamkabidhi kijana wa muziki mkononi na kumweleza mara mbili. Akajibu, "Sawa, dada," bila kuinua macho kwenye simu yake.

Milango ikafunguliwa, gitaa likaanza, na sisi tukaanza kuingia kwa mwendo ule wa maringo ambao tulikuwa tumeufanyia mazoezi kwa wiki mbili. Tulipofika meza ya tatu, kati ya meza ambazo hata sikuzihesabu, wimbo ukaisha. Haukukatika, uliisha kabisa, kwa ule mlio wake wa mwisho wa televisheni. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameinua mguu mmoja. Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia mtu jikoni akigongagonga mwiko kwenye sufuria. Mshereheshaji, katika kutafuta pa kushika, akapaza sauti, "Haya, wamefika!" nasi tungali karibu na mlango kuliko jukwaa.

Nilimfuata kijana yule nyuma ya mashine zake. Flashi yangu ilikuwa mezani, haijachomekwa popote, imelala kando ya sahani yenye mifupa ya kuku. Nikamuuliza kwa nini, naye akanijibu hivi, na sijaongeza neno: "Dada, wimbo ndio huo. Nyimbo za tivii huwa fupi." Halafu akavaa vifaa vyake vya masikioni, kama mtu anayefunga dirisha.

Angenitukana ningeumia kidogo kuliko kuniambia hivyo, kwa sababu historia ya wimbo huu naijua. Ni kweli kwamba ulizaliwa mfupi. Michael Skloff, aliyekuwa mume wa Marta Kauffman, mmoja wa wabunifu wa tamthilia yenyewe, alitunga muziki, na Allee Willis akashiriki kuandika maneno, kwa ajili ya kufungulia kipindi kilichoanza kuonyeshwa na televisheni ya NBC Septemba 1994, basi. Waliokataa ufupi huo ni wasikilizaji. Huko Nashville, Marekani, Charlie Quinn na mwenzake Tom Peace wa redio moja waliichukua rekodi ile fupi, wakaiunganisha na nafsi yake tena na tena hadi ikatosha kuwa wimbo wa redio, na watu wakaanza kuuliza utapatikana wapi, hadi The Rembrandts wakalazimika kurudi studio kuurefusha. Mwaka 1995 ulikaa wiki nane kileleni mwa chati ya jarida la Billboard ya nyimbo zinazopigwa redioni, wakati ambapo huko Marekani haukuwa hata umetolewa kama singo ya kununua; ndiyo maana kwenye chati kuu uliishia nafasi ya 17 tu. Uingereza ulifika nafasi ya 3 mwaka huohuo, ukarudi tena mwaka 1997 hadi nafasi ya 5. Watu waliudai wimbo mrefu kabla haujakuwepo, nami niliyekuja nao mkononi naambiwa haupo! Na kijana huyohuyo, jioni hiyohiyo, alikuwa amepiga "September" ya kundi la Earth, Wind & Fire mara mbili, mwanzo hadi mwisho, pasipo kujua kwamba mwanamke huyohuyo Willis ni mmoja wa walioutunga.

Hadi hapo hukumu yangu ilikuwa sifuri, na ningeishia hapo lau kama yaliyofuata yasingetokea. Kwa woga au kwa kiburi, sijui, kijana aliurudia wimbo wake mfupi tangu mwanzo. Ukaisha. Akaurudia. Safari ya tatu mashangazi, ambao hawajawahi kuiona tamthilia hiyo hata kwa dakika moja, walikuwa wameshanasa mahali makofi yanapoangukia, nao wakayapiga juu ya meza, pa-pa-pa-pa, hadi chupa za soda zikarukaruka. Safari ya nne ukumbi mzima uliyangojea kama watoto wanaongojea kengele, na yalipopita vikafuata vigelegele. Tulifika jukwaani mdogo wangu akilia kwa kicheko, wanja umemshuka mashavuni. Ndipo nilipong'amua, na ilinichoma kukiri, kwamba kijana yule alikuwa ametenda kwa ukaidi kile walichokitenda wale wa Nashville kwa akili.

Hata hivyo, ubeti wa pili haukusikika. Wala ile sehemu inayofuata, ambapo tulipanga kusimama na kukumbatiana, haikuwepo, kwa hiyo tulikumbatiana popote tulipojikuta, juu ya waya wa kipaza sauti. Mdogo wangu, ambaye sasa ameshaolewa na anaunguzia chapati kwingine, anasema hataki kusikia nikimsema vibaya kijana yule, na kwamba mtoto wa shangazi yetu anayefuata kuagwa ameshaomba namba yake. Sikumpa. Kisha nikampa, ila nikamwonya.

Basi nampa nyota mbili, zote kwa sababu ya mashangazi. Atapata ya tatu siku atakayonirudishia flashi yangu.