Uzoefu wangu: Datsun 240Z ya Hasegawa ya mtumba, na dawa za dukani za kuivua rangi

Hapa nakagua vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni modeli ya plastiki ya kuunganisha ya Hasegawa, kampuni ya Japani, skeli 1/24 (yaani gari la kweli limepunguzwa mara 24), ya Datsun 240Z nyekundu namba 11 ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mbio za Safari Rally za 1971. Niliinunua ikiwa imeshaunganishwa na kupakwa rangi na mtu mwingine, tena hovyo. Cha pili ni dawa nilizoivulia rangi: Dettol, spiriti, mafuta ya breki na Jik, vitu ambavyo duka la mtaani halikosi.

Nianze na hukumu. Rangi mbaya si tatizo, hata ikiwa imepakwa kwa brashi mara tatu juu kwa juu. Gundi mbaya ndiyo inayoamua kama umepata mali au umenunua takataka. Anayetazama picha za tangazo la modeli ya mtumba huishia kwenye rangi, na hapo ndipo anapopigwa.

Kabla ya kulipa, omba picha ya vioo kwa karibu. Ukiona ukungu mweupe kuzunguka kingo za kioo, hiyo ni supaglu: mvuke wake hutua kwenye plastiki angavu na kuganda. Ukungu wa juu juu unasafishika. Kioo kilichotiwa gundi ya tyubu, ile gundi maalumu ya plastiki, ni habari nyingine, maana gundi hiyo huyeyusha plastiki, na alama ya kidole iliyozama katikati ya kioo cha mbele haitoki kwa msasa wowote. Kisha tazama nguzo mbili za kioo cha mbele. Kwenye 240Z ni nyembamba, na mtu aliyeishika bodi kwa nguvu huwa ameshavunja mojawapo na kuipachika pembeni kidogo. Mwisho hesabu rimu, matairi, taa na usukani. Kipande kimoja kikikosekana unaweza kukibuni, rimu moja ikikosekana umekwama. Kwa maoni yangu modeli ya hali hii haistahili zaidi ya theluthi ya bei ya boksi jipya, kwa sababu stika zimeshatumika na utalazimika kununua nyingine.

Kubandua

Jua kwanza ni gundi gani iliyotumika. Ya tyubu huacha nyuzi na uvimbe unaong'aa, na plastiki ya pembeni huonekana imebonyea. Supaglu huacha tone gumu kama kioo, ukilibonyeza kwa ncha ya wembe linapasuka badala ya kubonyea.

Supaglu ni rahisi. Weka modeli kwenye mfuko wa plastiki, iache kwenye friza saa mbili au tatu, itoe na uanze kupinda viungo taratibu ingali baridi. Supaglu inastahimili kuvutwa lakini haistahimili kugongwa wala kupindwa, na baridi huiongezea ukavu. Vipande vingi vitaachia kwa mlio mdogo. Asetoni inayeyusha supaglu kweli, lakini inayeyusha na polistirini, yaani plastiki yenyewe ya modeli, kwa hiyo iache kwenye kucha.

Gundi ya plastiki, ile ya tyubu, haibanduki, kwa sababu pale kwenye kiungo hakuna tena vipande viwili: vimeyeyukiana vikawa kimoja. Friza haisaidii kitu. Unakata. Mimi natumia msumeno mwembamba wa modeli pale unapoingia, na pale usipoingia uzi wa kushonea uliokazwa kati ya mikono miwili, unaovutwa huku na huku mpaka upite. Bodi na chesisi ya modeli kama hii zimeundwa zishikane bila gundi nyingi, ila fundi aliyetangulia alimwaga gundi pembeni kote. Hapo pitisha mgongo wa wembe kwenye mstari ule mara nyingi kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza, wembe utahama na kuchora mlango.

Kuvua rangi

Vioo vitoke vyote kabla ya dawa yoyote. Plastiki angavu ni kavu kuliko ile ya bodi na hupasuka nyufa ndogondogo ikikaa kwenye dawa kali.

Dettol ndiyo ninayoipa alama za juu. Nazungumzia ile ya maji ya kahawia ya kuulia vijidudu, si sabuni. Itumie kavu, bila tone la maji. Bodi hii ina urefu wa sentimita 17 hivi, na chombo cha plastiki chenye mfuniko kinachoitosha humeza kama lita moja. Rangi ya akriliki (ya maji) huanza kujikunja ndani ya saa chache, inameli (rangi ya mafuta) inataka usiku mzima. Valia glavu, sugua na mswaki mkuukuu, ukimalizia mistari ya milango kwa kijiti cha meno.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapoilaani Dettol bila kosa lake: usisuuze kwa maji. Rangi iliyolainika ndani ya Dettol ikikutana na maji hugeuka ulimbo mweupe-kijivu unaonata kila mahali, kwenye mswaki, kwenye glavu, kwenye sinki. Utaratibu ni huu. Toa bodi, isuuze kwenye kibakuli cha pili chenye Dettol safi, ifute na karatasi laini mpaka karatasi itoke haina rangi, ipake sabuni ya kuoshea vyombo ikiwa kavu, isugue, ndipo uiweke kwenye maji ya vuguvugu. Ikishanata, irudishe kwenye Dettol, usiikimbizie bombani. Usiiache humo zaidi ya siku mbili, plastiki nyembamba kama zile nguzo huanza kulegea. Dettol iliyotumika ichuje kwa kitambaa, itafanya kazi tena. Harufu itabaki kwenye plastiki siku kadhaa, hiyo vumilia.

Spiriti, hasa isopropili ya asilimia 99, ni safi zaidi mkononi na haina ulimbo. Inatoa akriliki vizuri na rangi nyingi za kopo za modeli, kwa kuloweka kutwa. Kwa inameli kongwe inachoka mapema. Mimi naitumia kama hatua ya pili, kumalizia mabaki baada ya Dettol. Inawaka kwa urahisi, kwa hiyo mbali na jiko.

Mafuta ya breki yanatoa inameli iliyoshindikana. Yawe ya daraja la DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, utailoweka mpaka mwaka uishe. Nayaweka mwisho kwenye orodha yangu kwa sababu yanakula pia rangi ya meza na ya gari la jirani, na yakishatumika hayamwagwi kwenye mtaro: yapeleke gereji yatupwe pamoja na oili chafu. Thina ya magari na petroli usijaribu kabisa, utabaki na bodi iliyoyeyuka au iliyojaa nyufa.

Jik ina kazi moja tu hapa: kuvua kromu. Ule mng'aro wa rimu na vipande vidogo ni utando mwembamba sana wa alumini, na Jik inautafuna. Dakika kumi hadi thelathini zinatosha, huku unatazama. Chini yake utakuta vanishi ya manjano-manjano ambayo Jik haiigusi. Hiyo maliza kwa spiriti, baada ya kusuuza kwa maji mengi na kukausha. Nasisitiza kusuuza: Jik ikichanganyika na spiriti, Dettol au siki inatoa mvuke wa sumu. Kila dawa na chombo chake, na dirisha wazi.

Kuna rangi ambayo hakuna kati ya hizi nne itakayoiweza, nayo ni ile ya gereji ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Ukikuta fundi alipuliza hiyo, ni msasa namba 600 na subira.

Majeraha

Bodi ikishakuwa uchi utaona ukweli wote. Mabonde ya gundi ya tyubu nayajaza kwa supaglu iliyochanganywa na poda ya talki hadi iwe nzito. Soma kopo la poda vizuri, siku hizi nyingine ni wanga, na wanga hufyonza unyevu. Mchanganyiko huu usugue baada ya saa moja hivi. Ukiuacha mpaka kesho utakuwa mgumu kuliko plastiki inayouzunguka, na msasa utachimba pembeni na kuacha kilima katikati. Pati ya tyubu ya modeli ni laini zaidi lakini inasinyaa ikikauka, hivyo ipakwe tabaka nyembamba na kila moja ipewe siku nzima.

Nguzo iliyovunjika haishikani kwa gundi peke yake. Toboa kila upande kwa biti ya milimita 0.5, ingiza kipande cha waya wa gitaa wa unene huohuo, tia supaglu kidogo, na kabla haijakauka jaribisha kioo cha mbele mahali pake. Kioo kikikataa sasa, kitakataa hata ukimaliza rangi.

Mistari ya milango na boneti iliyozibwa na rangi au pati ichongwe upya kabla ya praima (rangi ya msingi), kwa mgongo wa wembe na tepu ngumu kama rula. Kila tabaka la rangi linaifanya iwe mifupi kwa kina. Pitisha pia msasa namba 400 kisha 600 kwenye mishono iliyoachwa na kalibu ya kiwandani, inayopita juu ya madigadi na kandokando ya nguzo. Karibu kila bodi ya mtumba inayo bado, kwa kuwa aliyeiunda kwanza hakujua kuwa ile mistari haimo kwenye gari la kweli.

Vioo vyenye ukungu: msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, 3000, kisha polishi ya chembe laini ya Tamiya, kampuni nyingine ya modeli, kwa kitambaa cha pamba, bila kukandamiza maana joto la msuguano linatosha kuvuruga plastiki. Usiruke namba. Ukiruka, mikwaruzo ya namba 1000 itajitokeza mwishoni ukidhani umemaliza. Kioo kilichopasuka kabisa nilikibadilisha kwa plastiki ya chupa ya maji, iliyokatwa kwa kiolezo cha tepu ya karatasi na kubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao. Ni nyembamba kuliko ya Hasegawa na kwa kweli inapendeza zaidi.

Rangi

Praima ya kijivu kwanza, nyembamba, ili kuona makosa yaliyobaki. Ukitumia ya gereji, jaribu ndani ya paa kabla, baadhi hukunja plastiki. Nyekundu haipakwi moja kwa moja juu ya kijivu: itatoka imefifia kama matofali, nawe utaongeza tabaka mpaka mistari yote izibe. Weka nyeupe au waridi katikati, kisha nyekundu tabaka mbili nyepesi kama vumbi na moja nzito yenye majimaji, kopo likiwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi. Boneti ni nyeusi isiyong'aa, ipulizwe baada ya nyekundu kukauka vizuri. Kwa walio Dar, Tanga au Mombasa, msipulize asubuhi mapema wala baada ya mvua. Unyevu hunaswa ndani ya rangi na uso unakuwa na ukungu wa maziwa.

Gari lenyewe lililoshinda linatunzwa na Nissan kwenye mkusanyiko wao wa Zama, Japani, na picha za mashindano zinalionyesha likiwa limechakaa kwa vumbi na makonde ya barabara. Hiyo ndiyo sababu naipendekeza modeli ya rali kwa anayeanza kufufua mitumba. Chaki ya pasteli ya kahawia-nyekundu, iliyosagwa na kupakwa kwa brashi kavu nyuma ya matairi na chini ya milango, inaficha madigadi yasiyolingana. Haifichi mshono wa paa, na hakuna tope linalofika huko kwa namna ya kuaminika.

Magurudumu niliyaacha mwisho kwa makusudi. Weka chesisi juu ya kipande cha kioo. Gurudumu moja likielea, mara nyingi chesisi imepinda wakati wa kubanduliwa, na tiba yake ni maji ya nyuzi 70 hivi kwa sekunde chache, kuipinda kidogo kupita usawa, kisha maji baridi. Maji yanayochemka yanaikunja isirudi. Matairi laini ya mpira nayo yana mafuta yanayovuja polepole na kuyeyusha polistirini yanayoigusa, kwa hiyo ndani ya rimu paka tabaka ya gundi nyeupe ya mbao, iache ikauke iwe angavu, ndipo uvalishe tairi. Na usihifadhi matairi ya akiba kwenye mfuko mmoja na vioo.